Nyama ya soya yabisha hodi jikoni, mpinzani wake ni sufuria la maharage

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Katika maduka ya vyakula ya Tandika, Mbagala na Buguruni, nyama ya soya haiuzwi karibu na friji. Kiroba chake kimefunguliwa mdomo na kupangwa kati ya mchele, maharage na dagaa. Mteja akiomba robo, muuzaji anachota kwa kikopo, anapima, anafunga. Mfuko unajaa haraka kwa sababu vipande ni vikavu na vyepesi, vya rangi ya manjano iliyofifia, na ukivitikisa vinalia.

Nyumbani kazi ni ya dakika chache. Vipande vinatiwa kwenye bakuli, vinamwagiwa maji ya moto yenye chumvi, bakuli linafunikwa. Ndani ya robo saa vimevimba na kulainika. Hapo mpishi mzoefu anavikamua kwa mikono miwili, yanatoka maji ya manjano yenye povu na harufu ya maharage mabichi. Anayamwaga, anatia mengine, anakamua tena. Asiyeijua hatua hiyo ndiye anayelalamika baadaye kwamba soya inanuka.

Yanayofuata ni mambo yale yale ya rosti: kitunguu kikaangwe hadi kigeuke rangi, tangawizi na thomu, nyanya, hoho, binzari. Soya inaingia mwishoni ili inyonye mchuzi. Ikishaiva, macho yanakubali kwamba ile ni nyama. Jino linapokutana na uzi wa kwanza, ulimi unajua.

Kwa miaka kadhaa sasa magazeti ya dunia yameuandika ujio wa vyakula hivi kama vita kati ya mmea na ng'ombe. Kwa Dar es Salaam, mahali kiroba kilipowekwa dukani panasema jambo jingine.

Baga ya California haijafika Tandika

Habari kubwa za mbadala wa nyama zilitoka Marekani. Kampuni ya Impossible Foods, iliyoanzishwa mwaka 2011 na mwanasayansi Patrick Brown, ilizindua mwaka 2016 baga ya mimea inayotoa majimaji mekundu mithili ya damu. Siri yake ni protini yenye madini chuma inayopatikana kwenye mizizi ya soya, ambayo kampuni inaizalisha kwa kutumia hamira iliyobadilishwa vinasaba.

Wenzao wa Beyond Meat waliingia soko la hisa Mei 2019 kwa dola 25 kwa hisa moja. Julai mwaka huohuo hisa ilikuwa imepita dola 230. Oktoba 2025 ilishuka chini ya dola moja. Walaji wengi wa Marekani walionunua mara ya kwanza kwa udadisi hawakurudi, na bei ilikuwa juu kuliko ya nyama yenyewe.

Hadithi hiyo ina mafunzo kwa wawekezaji, lakini haina uhusiano mkubwa na mama wa Mbagala anayenunua robo ya soya jioni. Yeye hajaacha nyama kwa ajili ya hali ya hewa. Kilo ya nyama ya ng'ombe jijini imeshavuka Sh10,000, na nyumbani wapo watu sita.

Hata hivyo, mtu anayeshindwa kununua steki harukii moja kwa moja kwenye soya. Kuna foleni ndefu katikati. Kuna utumbo na mapupu. Kuna vichwa, miguu na filigisi za kuku. Kuna dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma. Na mwisho wa foleni, akisubiri kwa subira kama kawaida yake, yuko maharage.

Soya imekuja kusimama katika foleni hiyo. Kwa hiyo swali la haki si kama inaweza kuwa nyama, bali kama inaweza kuwashinda dagaa na maharage.

> Asiyeweza kununua steki harukii kwenye soya. Katikati kuna utumbo, mapupu, vichwa vya kuku, dagaa na maharage.

Hesabu ya kwenye pakiti

Soma nyuma ya pakiti. Mara nyingi utakuta kwamba katika gramu 100, karibu nusu ni protini. Nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 20 hivi. Muuzaji anayejua biashara atakwambia basi kwamba soya ni zaidi ya mara mbili ya nyama, na hatakuwa amedanganya. Ila amepima kitu kikavu akakilinganisha na kitu chenye maji.

Rudi kwenye lile bakuli. Gramu 100 zilizolowekwa na kukamuliwa zinakaribia gramu 300. Protini haijaongezeka, imeongezeka maji. Kwa hiyo katika kila gramu 100 zinazoingia kwenye sahani, protini ni gramu 16 au 17. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa, ikishapoteza maji yake, inafika gramu 25 na zaidi.

Bado si haba. Maharage yaliyochemshwa yana gramu 8 au 9 tu, na protini ya soya ina ubora unaokaribia wa nyama au maziwa, jambo ambalo mikunde mingine mingi haiwezi kujivunia. Hapo soya inampiga maharage bila ubishi.

Dagaa ni habari nyingine. Dagaa mkavu ana protini zaidi ya nusu ya uzito wake, na kwa kuwa analiwa mzima na mifupa yake, anakuja na kalsiamu. Analeta pia vitamini B12, ambayo mwili unaihitaji kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Vitamini hiyo haipatikani kwenye mimea. Soya haina, maharage hayana, mchicha hauna. Anayeacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa hana budi kuitafuta kwenye vyakula vilivyoongezewa au kwenye vidonge, na wauzaji wa vyakula hivi ni wepesi wa kulisahau hilo.

Madini chuma yapo kwenye soya, lakini yamefungwa na kemikali ya asili iitwayo faiteti, hivyo mwili unayapata kwa shida. Ndimu juu ya sahani husaidia kuyafungua. Chai ya rangi inayonywewa papo hapo na chakula huyafunga zaidi.

Jambo moja halisemwi buchani wala dukani: nyama ya soya ni ndugu wa mashudu. Soya ikishakamuliwa mafuta, kinachobaki husagwa. Mabaki ya namna hiyo ndiyo yanayokwenda kwenye chakula cha kuku. Yaliyosafishwa na kusagwa kwa viwango vya chakula cha binadamu huchanganywa na maji, yakasukumwa ndani ya mashine yenye joto na mgandamizo mkubwa. Yanapotoka kwenye tundu, mvuke unapasuka ndani yake na kuacha nyuzi na matundu. Matundu hayo ndiyo yanayonyonya mchuzi wako.

Silisemi hili kama tusi. Kuku anapewa mashudu kwa sababu ni chakula kizuri. Ila mlaji ana haki ya kujua kwamba anachonunua kimepita kiwandani na mafuta ya soya yamekwisha kuondolewa, tofauti na anayenunua soya nzima na kuipika mwenyewe.

Mkaa ndio mwamuzi

Ukiangalia lishe peke yake, huwezi kueleza kwa nini kiroba kile kinaisha. Angalia jikoni.

Maharage makavu yanataka saa mbili motoni, wakati mwingine zaidi yakiwa ya zamani. Mama lishe mwenye jiko la mkaa anajua gharama ya saa hizo. Ndiyo maana wengi huyachemsha usiku, moto wa kupikia chakula cha jioni ukiwa bado haujafa, au hununua yaliyokwisha kuchemshwa na wenzao. Nyama ya soya inataka maji ya moto na dakika kumi za kuungwa. Tofauti hiyo ni kopo zima la mkaa.

Kwa hiyo kinacholinganishwa mtaani ni bei ya chakula pamoja na bei ya moto. Robo ya soya inaweza kuonekana ghali kuliko robo ya maharage hadi uongeze mkaa. Ukiuongeza, mambo yanabadilika. Kwa mpangaji anayepika kwenye korido na kurudi nyumbani saa mbili usiku, hoja imekwisha.

Lakini mwamuzi huyu naye yuko njiani kubadilishwa. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100, zikiwamo shule, zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa kuanzia mwaka huo wa 2024.

Pamoja na hilo limeingia jiko la presha la umeme. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva humo kwa dakika 40 hivi, na umeme unaotumika haufiki uniti moja. Jiko hilo linamrudishia maharage kile alichokosa. Nyumba yenye jiko la namna hiyo haina tena sababu ya haraka ya kununua soya, labda kwa kutaka kubadilisha mboga.

Kwa maoni yangu, mustakabali wa nyama ya soya nchini unategemea zaidi bei ya majiko hayo na uhakika wa umeme kuliko jambo lolote litakalotokea machinjioni.

> Kinacholinganishwa mtaani ni bei ya chakula pamoja na bei ya moto.

Wasabato walitangulia

Kabla ya viroba kufika madukani, soya ilikuwa na wateja wake. Ni waumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Wamisionari wao wa Kijerumani waliofika Upareni mwaka 1903, na wengine waliofika Gendia, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, mwaka 1906, walikuja na mafundisho ya afya pamoja na Biblia. Si wote wanaoacha nyama. Wanaoacha, hata hivyo, wana uzoefu wa vizazi.

Chimbuko ni Battle Creek, Michigan. Huko, mwishoni mwa karne ya 19, daktari John Harvey Kellogg, yule ambaye jina la ukoo wake liko kwenye maboksi ya kifungua kinywa, aliwalisha wagonjwa wa hospitali yake vyakula vya karanga na ngano vilivyotengenezwa kuchukua nafasi ya nyama. Mmoja wa watu wa mkondo huo, daktari mmisionari Harry Miller, alifungua mwaka 1936 mjini Shanghai kiwanda cha maziwa ya soya kwa ajili ya watoto. Vita vilikiteketeza mwaka uliofuata.

Nyama ya soya ya vipande kama tunavyoijua ilikuja baadaye. Kampuni ya Marekani ya Archer Daniels Midland iliipa jina la biashara katika miaka ya 1960, na India ikaipokea kwa mikono miwili kwa ajili ya mamilioni ya watu wake wasiokula nyama. Pakiti zilizopo madukani mwetu zinaonyesha njia hiyo: zipo zilizotoka India na zipo zilizotoka Kenya.

Leo, kwenye makambi ya Wasabato ya kila mwaka, somo la afya linakuwa na sufuria mbele ya wasikilizaji. Akina mama wanaonyesha namna ya kukamua maziwa ya soya na kuosha unga wa ngano hadi ubaki utomvu wake, ambao huchemshwa na kukatwa kama nyama. Wapo Wakatoliki wanaonunua soya wakati wa Kwaresima, na wapo Wahindi wa Kisutu ambao hawakuhitaji kufundishwa na mtu.

Mzozo wa maziwa

Upande wa maziwa ni mgumu zaidi, na makosa yake yanaumiza wadogo.

Kwanza, kuyatengeneza. Soya huchambuliwa na kulowekwa usiku mmoja. Asubuhi husuguliwa maganda yatoke, zikasagwa na maji, zikachujwa kwa kitambaa safi. Kinachopita ni cheupe na kizito, lakini bado hakinyweki. Ni lazima kichemke kwa dakika 15 hadi 20, mwiko ukizunguka chini ya sufuria kwa sababu hushika haraka, na jicho likiangalia povu linalopanda ghafla. Makapi hayatupwi, yanaingia kwenye chapati na mandazi.

Harufu inayowakimbiza wengi ina sababu. Punje ya soya ina kimeng'enya ambacho huamka mara inapopondwa ikiwa mbichi kwenye maji baridi. Ukizitumbukiza punje kwenye maji yanayochemka kabla ya kusaga, kimeng'enya kinakufa na harufu inapungua sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza mbinu ya kuua kimeng'enya hiki kwa joto katika miaka ya 1960. Wapishi wetu wengi wanaisikia kwa mara ya kwanza leo.

Joto halihitajiki kwa ajili ya pua peke yake. Soya mbichi ina viambata vinavyozuia tumbo lisimeng'enye protini. Hapa ndipo penye tatizo la unga wa lishe. Mzazi ananunua soya, mahindi, ulezi, karanga na kila nafaka aliyotajiwa, anapeleka mashine vyote vikiwa vibichi, anaamini ameweka nguvu. Wataalamu wa lishe nchini wamekuwa wakionya juu ya mchanganyiko huo wa nafaka chungu nzima, na soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri ndiyo kiungo chake kibaya kuliko vyote.

Kuhusu wachanga, maneno yawe machache. Maziwa ya soya ya nyumbani si mbadala wa maziwa ya mama, wala wa yale maalumu ya watoto yanayotolewa kwa ushauri wa daktari.

Kwa mtu mzima, maziwa ya soya yana protini ya gramu 3 hivi kwa mililita 100, karibu sawa na ya ng'ombe. Yale ya lozi yanayopendeza kwenye rafu za supamaketi za Masaki mara nyingi hayafiki hata gramu moja. Ya ng'ombe yana kalsiamu ya miligramu 120 kwa mililita 100, na ya soya ya nyumbani yana sehemu ndogo tu ya hiyo, isipokuwa kiwanda kimeiongeza. Tui la nazi, ambalo Pwani imelitumia tangu enzi na enzi kwenye wali, mchicha na samaki wa kupaka, ni mafuta zaidi kuliko protini. Hakuna bibi wa Tanga aliyewahi kudai kuwa ni lishe ya mtoto badala ya maziwa.

Wapo wenye sababu ya mwilini ya kuyakwepa maziwa ya ng'ombe. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliowapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba wafugaji wa ukanda huu wana badiliko la kinasaba linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani, na si lile la Wazungu. Limejitokeza lenyewe huku kwetu, ndani ya miaka elfu chache iliyopita. Mmasai na Mzaramo wakinywa kikombe kilekile, kila mmoja anaweza kuamka na habari yake. Mwenye tumbo la shida kwa kawaida huvumilia mtindi vizuri zaidi, kwa sababu sehemu ya sukari imekwisha kuliwa na bakteria.

Nani ana haki ya jina

Ulaya, ugomvi huu umefika mahakamani. Juni 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya kampuni ya Kijerumani ya TofuTown kwamba bidhaa za mimea haziwezi kuuzwa kwa majina ya maziwa, siagi au jibini, isipokuwa chache zilizozoeleka. Oktoba 2025 Bunge la Ulaya lilipiga kura 355 kwa 247 kutaka majina kama baga na soseji nayo yawe ya nyama tu, ingawa kura hiyo peke yake haikuwa sheria. Wakulima walisema mlaji anadanganywa. Watengenezaji walijibu kwamba hakuna anayenunua soseji ya mboga kwa bahati mbaya.

Kiwango cha mwaka 1999 cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kinayaita maziwa yale yanayokamuliwa kwa mnyama. Tanzania ina Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004, na tangu 2019 usalama wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Mimi sioni mtu wa Tandika akidanganywa na maneno "nyama ya soya". Anajua alichonunua, kakikuta karibu na maharage. Kinachomdanganya ni ile asilimia 50 isiyosema kama ni kabla au baada ya maji. TBS ikitaka kazi, ianzie hapo: protini iandikwe kwa chakula kilichopikwa, na pakiti iseme wazi kama ina B12 au haina.

Wafugaji hawana presha

Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na barani Afrika iko katika safu ya mbele nyuma ya Ethiopia. Ukimuuliza mfugaji kuhusu soya, atakueleza kwanza kuhusu malisho, majosho, ukame na bei ya mnadani Pugu. Soya haimo.

Na ana hoja. Nyanda za Longido, Simanjiro na Kiteto kwa sehemu kubwa ni kavu mno kwa soya. Ng'ombe na mbuzi wanageuza majani ambayo binadamu hawezi kuyala kuwa maziwa na nyama. Hesabu za kuchafua hewa zinazoandikwa kwa kuangalia mazizi ya Texas au misitu iliyofyekwa Brazil hazimwangukii yeye kwa uzito uleule, ingawa ng'ombe wake naye anatoa methani.

Kwenye maziwa pia, tatizo la wafugaji ni jingine. Mtanzania anakunywa wastani wa lita 60 na ushee kwa mwaka, wakati viongozi wa sekta wanataja lita 200 kama kiwango kinachopendekezwa. Sehemu ndogo mno ya maziwa yanayokamuliwa hufika kiwandani. Nyingine hunywewa nyumbani, huuzwa kwa madumu, au huharibika masika barabara zikikatika. Kikombe cha soya hakijachukua mteja wa mtu hapo.

> Pakiti iseme wazi: protini hiyo ni kabla au baada ya maji?

Soya yenyewe inakwenda wapi?

Zao hili si geni. Soya ilijaribiwa Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1907, enzi za Wajerumani. Leo inalimwa zaidi Nyanda za Juu Kusini: Ruvuma, Njombe, Iringa, Mbeya, Rukwa.

Sasa weka ramani nyingine juu ya hiyo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni asilimia 57. Njombe na Rukwa ni 50. Penye miti hapana wajenzi: mikoa inayovuna soya ndiyo yenye watoto wafupi kuliko umri wao.

Udumavu hausababishwi na upungufu wa protini peke yake. Kuna maradhi ya tumbo, maji, uzazi wa karibu, na mama kurudi shambani mapema mtoto akabaki na uji mwepesi. Hata hivyo ni vigumu kuzitazama ramani hizo mbili bila kuuliza magunia yanakwenda wapi.

Jibu ni kwamba yanakwenda kwa kuku, na ng'ambo. Mwaka 2020 China ilifungua soko lake kwa soya ya Tanzania. Makadirio yanayotumika sana yanasema duniani kote asilimia 77 ya soya inaishia kwa mifugo, na asilimia 7 tu ndiyo inayoliwa na watu moja kwa moja kama maziwa ya soya, tofu na vyakula vya aina hiyo. Yaani mlaji mkubwa wa soya ni yule yule kuku ambaye mama wa Mbagala anamudu kichwa na miguu yake.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Rwanda ina Sosoma, unga wa uji wa soya, mtama na mahindi ambao watoto wengi wamekulia. Chuo Kikuu cha Makerere kimetoa mbegu za Maksoy ambazo zimeenea kwa wakulima wa Uganda. Mbali zaidi, Nigeria, wauzaji wa barabarani waliichukua jibini laini ya Wafulani wakaitengeneza kwa soya, kwa sababu ni rahisi. Awara hiyo inakaangwa, inatiwa pilipili na kuliwa na kila mtu, bila mahubiri ya afya wala ya mazingira.

Kwetu hakuna kitu cha namna hiyo bado. Nyama ya soya inahitaji mashine kubwa za kukamua mafuta na kusukuma unga, na mtaji wake si wa kikundi cha kijiji. Maziwa na jibini ya soya vinahitaji mashine ya kusaga, sufuria, kitambaa na ndimu au siki ya kugandishia. Kwa mkoa kama Njombe, ningeweka fedha kwenye hiyo ya pili.

Kikwazo kiko sokoni. Ruvuma, kwa mfano, soya inauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanzishwa ili mkulima asinyonywe na walanguzi wa mlangoni. Mnada unauza kwa tani, na anayenunua tani ni mwenye kiwanda cha chakula cha mifugo au msafirishaji. Kikundi cha akina mama kinachotaka magunia mawili ya kukamulia maziwa hakina pa kusimama katika mnada huo. Kinalazimika kuweka akiba kutoka shamba la wanachama wake kabla mzigo haujapelekwa ghalani, au kununua rejareja dukani, kwa bei iliyokwisha kupanda, soya iliyolimwa kilomita chache kutoka hapo.